Kitunguu cha Mwambani Hakipigani na Ukame

Tangu Mfuko wa Cali uzinduliwe mjini Roma Februari 2025, habari za mimea ya porini zimepata wasikilizaji ambao hazikuwa nao zamani. Mfuko huo unazitaka kampuni kubwa zinazotumia taarifa za vinasaba, zile zinazosambazwa kwa kompyuta bila mtu kushika jani wala mbegu, zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato kwa ajili ya kuhifadhi viumbe. Uchangiaji wenyewe ni wa hiari, jambo nitakalolirudia. Kilichonivuta zaidi ni hoja kongwe iliyorudi pamoja na habari hizo: kwamba mazao tunayolima yamedekezwa, ndugu zao wa porini wamekulia kwenye shida, kwa hiyo dawa ya ukame iko huko porini, inangoja tu mtu wa kwenda kuichuma. Kitunguu kinaingia kwenye hoja hii bila kusukumwa. Zipo aina za vitunguu pori zinazoota kwenye nyufa za miamba, pasipo na udongo wa kujaza kiganja, na mtu akiona picha yake hahitaji kuelezwa zaidi. Kama hiki kinaishi hapa, kitashindwaje shambani?

Swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Kitunguu cha mwambani hakivumilii ukame kwa maana anayoitaka mkulima, yaani kuendelea kukua na kuzaa huku maji yakiwa haba. Kinaukwepa. Jua linapokaza, chenyewe kimeshalala. Anayepanda mlimani kutafuta jeni ya kuushinda ukame anaweza kushuka na jeni ya usingizi, na shamba lililolala halilipi deni la mbegu. Thamani ya vitunguu hivi ipo, tena kubwa, ila iko kwingine kabisa. Na huko iliko, friji na kompyuta peke yake haviwezi kuilinda.

Tuanze na ukoo. Jenasi ya Allium ina spishi zaidi ya 900, karibu zote za nusu ya kaskazini ya dunia, na nyingi zimejazana kwenye nchi kavu kuanzia Mediterania hadi milima ya Asia ya Kati. Ajabu ni kwamba kitunguu maji chenyewe, Allium cepa, zao linalovunwa duniani kwa zaidi ya tani milioni 100 kila mwaka, hakijulikani porini. Kinachokutwa nje ya shamba ama kilitoroka bustanini ama ni ndugu yake. Ndugu wa karibu zaidi ni Allium vavilovii wa Kopet Dag, milima ya mpakani mwa Turkmenistani na Iran. Kuna Allium oschaninii, ambacho watu wa Asia ya Kati hukiita tu kitunguu cha mlimani kwa lugha zao. Kuna Allium altaicum cha miamba ya Mongolia na Siberia. Na kuna hiki ambacho nitakirudia mara kwa mara, Allium pskemense, kilichopewa jina la mto Pskem unaoshuka kutoka Tian Shan ya Magharibi nchini Uzbekistani. Kinaota pia upande wa Kirigizistani na wa Kazakistani. Majani yake yana uwazi ndani kama mrija, bua la ua limetuna kwa chini kama limemeza kitu, na juu yake kuna mpira wa maua meupe. Tunguu zimevaa maganda magumu ya kahawia, mithili ya ngozi, na zimeshikiliwa na shina-mzizi nene lililojibana ndani ya jiwe.

Ili kuelewa kinachofanyika huko juu, si lazima kwenda Uzbekistani. Chukua kitunguu cha jikoni ukikate wima, kutoka kwenye ncha hadi kitakoni. Kile kitako kigumu unachokitupa ndicho shina; limebanwa likawa sahani. Tabaka nene zinazokuliza machozi ni matako ya majani, yaani sehemu za chini za majani zilizojazwa akiba. Maganda makavu ya nje nayo yalikuwa majani, sasa ni koti. Katikati kabisa utaona kichipukizi cha kijani kibichi kilichojikunja. Kwa lugha nyingine, umeshika mmea mzima uliokusanya virago vyake ukajifungia ndani. Karibu asilimia 89 ya kitu hicho ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni sukari, pamoja na fruktani, minyororo ya sukari ambayo kitunguu huiweka akiba pale ambapo viazi vingeweka wanga. Niliwahi kusahau kitunguu nyuma ya rafu mpaka nikakikuta kimetoa majani marefu ya kushangaza, bila udongo, bila tone la maji. Watu huona hilo ni ushujaa. Lakini kitunguu kile hakikuzaa chochote; kilikuwa kinakula akiba yake, na kilikuwa kimelegea kama soksi.

Sasa tupande mlimani. Theluji ya Tian Shan ikianza kuyeyuka, maji huteremka na kupenya nyufani. Kitunguu cha mwambani huamka hapo hapo, majani yakatoka kwa haraka, na kwa muda mfupi kila kitu kinafanyika kwa pupa: kukusanya mwanga, kujaza tunguu, kuinua bua. Mara nyingi ncha za majani zimeshaanza kunyauka wakati maua yanafunguka. Mbegu nyeusi zikiiva, juu ya jiwe panabaki bua kavu tu. Miezi mikavu inayofuata, ambayo ndiyo tunayoiita ukame, kitunguu hakipo kazini. Hata jiwe lenyewe halina ukavu tunaoudhani. Ufa hukusanya maji ya eneo kubwa kuliko upana wake, huyafunika yasichomwe na jua, na kuweka mzizi mahali penye ubaridi. Tunaona mmea juu ya jiwe kavu. Mmea wenyewe umetia mizizi kwenye kibuyu.

Linganisha na anachohitaji mkulima. Kitunguu cha shambani kina mizizi michache, mifupi, isiyotawanyika sana na yenye vinyweleo vichache. Sehemu kubwa haishuki chini ya sentimita 30. Ndiyo maana zao hili hutaka maji kidogo kidogo mara kwa mara, na likikosa wakati tunguu inajaa, mavuno hupungua bila huruma. Mkulima anataka tunguu iendelee kunenepa wiki tatu zaidi hata mvua ikigoma. Kitunguu pori kimejifunza kinyume chake: dalili ya kiu au ya siku ndefu na joto ikionekana, funga duka, lala. Kikichotwa kipaji hicho na kutiwa kwenye mbegu bila uangalifu, mkulima atavuna tunguu ndogo, ngumu, zilizolala mapema. Na kama kinachotafutwa ni hicho hicho, kumaliza kazi kabla ukame haujaingia, basi kimo tayari ndani ya kitunguu maji. Wazalishaji wa mbegu wana aina zinazoanza kujaza tunguu siku zikiwa za saa 12 hivi na nyingine zinazongoja saa 14 au zaidi, zinazowahi na zinazochelewa. Kalenda hiyo imechezewa na wakulima kwa karne nyingi. Haihitaji kamba ya kupandia genge.

Sitaki kuonekana kama nabisha kila kitu. Wanaoamini katika jeni za ukame wana hoja zenye uzito, na iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kukwepa na kuvumilia havitenganishwi kwa kisu. Mmea unaoukwepa ukame bado hupitia siku kadhaa za kiu kabla ya kulala, na siku hizo hupita salama kwa sababu ya nta juu ya majani, fruktani zinazosaidia seli kushikilia maji, na mizizi inayojua kufuata ufa. Mizizi hasa ndiyo ningeitazama. Spishi inayoishi miaka mingi mahali pamoja, juu ya shina-mzizi, inajenga mfumo wa mizizi tofauti na zao tunalolipanda na kuling'oa, na si upuuzi kuuliza kama kuna kitu cha kuazima hapo. Nakubali. Ila tutaje kazi yenyewe kwa jina lake: sifa ya namna hiyo haibebwi na jeni moja. Hubebwa na nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na nyingine zikigeuka mzigo zikihamishwa peke yake. Kati ya kukubali kwamba inawezekana na kuitangaza kama suluhisho la ukame wa mwaka kesho, kuna shimo ambalo watu wanaliruka macho yakiwa yamefumbwa.

Kuna jambo jingine kuhusu mwamba ambalo husahaulika kabisa. Tunaona mmea kwenye genge tunasema umezoea genge. Lakini genge pia ni mahali ambapo mbuzi hafiki, jembe halifiki, na mkono wa mtu hufika kwa tabu. Vitunguu hivi vinaliwa, na watu wa milima ya Asia ya Kati wamevichimba kwa vizazi. Milima hiyo hiyo imelishwa mifugo kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo tunapohesabu mimea iliyobaki tukaikuta yote nyufani, tunaweza kuwa tunatazama wakimbizi na kuwaita wenyeji. Mimi naona hilo lina uwezekano mkubwa kuliko linavyopewa nafasi, kwa sababu mtu akikihamishia kitunguu cha Pskem kwenye udongo mzuri wa bustani, hakifi kwa kukosa jiwe. Kinastawi. Kama ni hivyo, basi mwamba hautuelezi kitunguu kinapenda nini. Unatueleza kilinusurika wapi, na hayo ni mambo mawili tofauti kwa mtu anayetaka kukisoma kama kitabu cha mafunzo ya ukame.

Basi thamani yake ni ipi? Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwa ndugu mwingine wa milimani, Allium roylei, wa upande wa kaskazini magharibi mwa Himalaya. Hakikutafutwa kwa ajili ya ukame. Watafiti wa Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, waligundua kwamba hakishikwi na ubwiri unyoya, ukungu unaovika majani ya kitunguu manyoya ya kijivu na kuyalaza ndani ya siku chache hali ya hewa ikiwa ya unyevunyevu. Hapa mambo yalionekana mepesi: ugonjwa mmoja, kinga inayorithiwa kutoka eneo moja tu la kromosomu ya tatu, na chotara wanaokubali kuzaa ingawa kwa kusitasita. Hata hivyo ilichukua takriban miaka 20. Kila mara walipotaka mmea wenye kinga hiyo kutoka pande zote mbili, baba na mama, ili mbegu isibadilike badilike, mimea hiyo haikupatikana. Ilikuwa inakufa. Pembeni kabisa ya jeni ya kinga, kwenye kipande kile kile cha kromosomu, palikaa jeni nyingine inayoua mche ukiirithi mara mbili. Ilibidi kungoja mmea adimu ambao kromosomu zake zilikatika katikati ya jeni hizo mbili, zikaacha muuaji upande mmoja na kinga upande mwingine, na kuutambua kati ya mimea mingi. Taarifa ya kufanikiwa ilichapishwa mwaka 2007. Na usisahau kwamba kitunguu hutaka miaka miwili kutoka mbegu hadi mbegu: mwaka wa kwanza tunguu, wa pili ua. Miaka 20 ni vizazi 10 tu.

Hadithi hiyo inafundisha mawili kwa pamoja, na wasomaji wengi huchukua moja. La kwanza, kwamba kitunguu pori kinaweza kumwokoa mkulima kwelikweli, kwa kumpunguzia dawa za ukungu anazopuliza kila msimu. La pili, kwamba hata sifa nyepesi, ya jeni moja, ilihitaji mimea hai, mashamba ya majaribio, watu wanaolipwa mshahara miaka yote hiyo, na bahati. Tena roylei ni ndugu mpole. Chotara wa kitunguu maji na kitunguu cha Pskem, au na oschaninii, hupatikana, ila wengi ni tasa au karibu na utasa. Kwa hiyo anayesema tutatoa sifa tata ya ukame kwenye spishi zisizokubali kuoana na kitunguu chetu, ndani ya muda wa mradi mmoja wa mabadiliko ya tabianchi, anaahidi kitu ambacho historia ya zao hili haijawahi kukitoa.

Oschaninii kina ushahidi wake mwingine, nao unanifurahisha kila nikiufikiria. Ufaransa kuna kitunguu kidogo cha kijivu chenye ganda nene, kinachothaminiwa sana na wapishi na kuitwa griselle. Kwa muda mrefu kilihesabiwa miongoni mwa vitunguu vidogo vya kawaida vya jamii ya cepa. Uchunguzi wa vinasaba miaka ya 1990 ukaonyesha ni wa ukoo wa oschaninii, kitunguu cha miamba cha Asia ya Kati. Kuna mtu, zamani sana, alikitoa mlimani, na mkono kwa mkono kikafika bustani za Ulaya. Kilipokelewa kwa sababu gani? Ladha. Kalenda yake ya mlimani hakikuiacha: hupandwa majira ya vuli, huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, halafu kinalala. Ndilo jaribio la muda mrefu tulilonalo la kumleta mkazi wa genge bustanini, na baada ya yote hayo bado kinafanya kile kile kilichokuwa kikifanya nyufani.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema kwa kuwa mbegu ziko kwenye hifadhi na vinasaba vimesomwa, genge lenyewe si muhimu tena. Husemwa kwa sauti ya busara, na mara nyingi na watu wasiowahi kuotesha mbegu ya kitunguu. Mbegu za kitunguu huzeeka upesi kuliko za mboga karibu zote. Ukiziacha kwenye hewa ya kawaida, mwaka au miwili inatosha kuziharibu. Kwenye baridi kali na ukavu hudumu zaidi, lakini bado ni lazima kuzitoa, kuzipanda na kuvuna mbegu mpya kila baada ya muda, na hapo ndipo gharama ilipo. Kitunguu huchavushwa na wadudu, hivyo kila kundi hutengwa kwenye banda la wavu na nzi au nyuki wake, lisichanganyike na jirani. Hifadhi ya Svalbard nchini Norwe, iliyofunguliwa mwaka 2008, haifanyi kazi hiyo. Inatunza nakala za akiba. Kazi ya jasho hufanywa na mahali kama Gatersleben nchini Ujerumani, kwenye moja ya mikusanyo mikubwa ya jenasi hii, na hufanywa na watu waliopiga magoti kwenye matuta.

Upande wa kompyuta nao umetiwa chumvi. Jenomu ya kitunguu, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ina herufi takriban bilioni 16, mara tano ya jenomu ya binadamu, na sehemu kubwa ni maneno yanayojirudia. Ramani yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2021, na hata hiyo ilikuwa ya vipande. Ni kazi kubwa na sitaidharau. Lakini jenomu ya mmea mmoja si spishi, kama vile picha ya pasipoti si kijiji. Kilichomo kwenye genge ni mamia ya mimea inayotofautiana kidogo kidogo, na kila mwaka theluji ikichelewa au joto likiwahi, baadhi hufaulu na baadhi hushindwa. Mbegu iliyogandishwa mwaka 1985 inajua hali ya hewa ya hadi mwaka 1985. Iliyobaki mlimani inaendelea na masomo. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi ambaye spishi ya Kopet Dag imepewa jina lake, alikufa gerezani Saratov mwaka 1943, na wakati huo huo baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wamekufa njaa Leningrad, mji uliokuwa umezingirwa vitani, wakilinda mbegu alizokusanya. Hadithi hiyo hutumiwa kuonyesha umuhimu wa maghala. Inasahaulika kwamba aliyejaza maghala hayo alitumia maisha yake kutembea milimani, akiamini kwamba mahali lilikotoka zao ndiko utofauti wake ulikojaa.

Upande wa pili wa mjadala wapo wanaotaka kufunga kila kitu: mtu asichimbe, asikusanye, asitoe mbegu nje. Hawa nawaelewa zaidi, ingawa nao wana pengo. Kitunguu cha Pskem kimo kwenye Kitabu Chekundu, orodha ya viumbe walio hatarini, cha Uzbekistani na cha Kazakistani, na sehemu za Tian Shan ya Magharibi zimekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2016, pamoja na hifadhi ya Chatkal upande wa Uzbekistani na Aksu-Zhabagly upande wa Kazakistani. Sheria zipo. Lakini mmea unaoliwa hauwi salama kwa kuandikwa kitabuni. Mchungaji anayepita chini ya genge wakati wa chakula hakibebi kitabu hicho. Kinachonivutia ni kwamba wakazi wa bonde hilo wenyewe wamekuwa wakihamishia kitunguu hiki kwenye bustani zao, wakakipanda karibu na nyumba ili wasipande magengeni. Hakuna mtaalamu aliyewatuma. Kila tunguu inayoliwa kutoka bustanini ni moja iliyobaki mlimani, na programu ya uhifadhi yenye akili ingeanzia kwenye vitalu vya watu hao badala ya kuanzia kwenye bango la kukataza.

Halafu kuna sheria za kimataifa, ambako kitunguu kimekaa mahali pabaya bila wengi kujua. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea ya chakula, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, uliweka mfumo wa pamoja wa kubadilishana mbegu kwa masharti yanayojulikana. Mfumo huo unahusu orodha: mazao 35 ya chakula na aina 29 za malisho. Ngano imo, mpunga umo, maharage yamo. Allium haimo. Maana yake, mtafiti anayetaka mbegu mpya za kitunguu cha Pskem au cha vavilovii hana mlango wa pamoja wa kubisha. Lazima azungumze na nchi husika moja kwa moja, mkataba kwa mkataba. Mbegu zilizokusanywa kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai kuanza kutumika mwaka 1993 hazibanwi na masharti hayo, kwa hiyo kishawishi ni kuendelea kutumia zile zile kuukuu. Majadiliano ya kuboresha mfumo huo, orodha ikiwemo, yalianzishwa rasmi mwaka 2013, na mwaka 2019 mkutano wa Roma ulivunjika bila mwafaka. Nchi zenye milima zina sababu ya kusita: zimeona mbegu zikitoka na faida isirudi. Lakini kusita huko kuna gharama kwa kitunguu chenyewe, kwa sababu kisichofikika hakifanyiwi utafiti, na kisichofanyiwa utafiti hakiombewi bajeti.

Hapo ndipo Mfuko wa Cali unarudi, na hapo ndipo ningependa mjadala uhamie. Kanuni zake zinataka angalau nusu ya fedha iende kwa jamii za asili na za wenyeji. Hilo ni jema kuliko mengi yaliyotangulia. Tatizo la kwanza ni hiari: kampuni inashauriwa, haidaiwi. La pili ni kwamba mchango unahesabiwa kwa matumizi ya taarifa za kijenetiki kwa ujumla, si kwa mmea fulani uliotoka genge fulani, kwa hiyo hakuna uzi unaomfunga anayeuza mbegu zenye kinga ya ubwiri na mchungaji wa kule ilikotoka kinga. Huenda ni sawa. Kufuatilia kila jeni hadi kwenye jiwe lake kungekula fedha zote kabla hazijafika. Ila kama uzi huo haupo, basi wanaogawa fedha wanapaswa kujua wanalipia nini, na ndiyo sababu nimesumbuka na suala la ukame. Wakiamini wanalipia dawa ya ukame, watapima mafanikio kwa aina mpya za mbegu zinazostahimili kiu, hawatazipata kwa muda waliojiwekea, na watafunga kitabu wakisema kitunguu pori kimewaangusha. Wakijua wanalipia kinga za magonjwa zisizojulikana bado, ladha, na mizizi isiyochunguzwa, watakubali kulipia vitu visivyopendeza kwenye ripoti: banda la wavu la kuzalishia mbegu upya, kitalu nyuma ya nyumba ya mtu bondeni Pskem, na mshahara wa anayehesabu mabua kila kiangazi.

Na watalazimika kubadili saa. Mbegu ikidondoka mwaka huu kwenye ufa juu ya mto Pskem, kwanza italala chini ya theluji. Ikiamka itatoa jani moja jembamba kama uzi, italala tena, na hivyo hivyo kwa miaka kadhaa mpaka tunguu iwe na akiba ya kutosha kuinua bua la kwanza. Mradi wa miaka mitatu utakuwa umewasilisha taarifa yake ya mwisho kabla mche huo haujachanua.